Historia ya bafle: kutoka ubao wa 1925 hadi sanduku la sabufa linalojengwa mtaani

Mashariki mwa Kongo mtu akisema "bafle", hata mtoto anaelewa. Ni lile sanduku la mbao lenye spika ndani, linalosimama mbele ya baa, nyuma ya kwaya kanisani, ao uani siku ya harusi. Neno hilo lilifika kwa njia ya Kifaransa, na Wafaransa nao walilichukua kwa Waingereza. Lakini mwanzoni bafle halikuwa sanduku. Lilikuwa ubao mmoja tu uliotobolewa tundu katikati, spika ikafungwa kwenye tundu hilo. Namna ubao ule ulivyogeuka kuwa sanduku ndiyo historia ya sabufa, na ndani yake mna jibu la swali ambalo vijana wengi wa Goma, Bukavu na Bunia wanawauliza mafundi wa redio: kwa nini spika kubwa iliyonunuliwa kwa bei kali inalia kama debe, na ile ya jirani, ndogo tena ya okazio, inatikisa mabati?

Jibu fupi ni sanduku. Jibu refu lina miaka 100.

Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric huko Marekani, walichapisha maelezo ya spika ya namna mpya. Kabla ya hapo redio nyingi zilitoa sauti kwa baragumu, kama gramafoni za zamani. Wao walichukua karatasi ngumu yenye umbo la koni, wakaiunganisha na koili ya waya mwembamba, na koili wakaitumbukiza katikati ya sumaku. Umeme wa sauti ukipita kwenye waya, koili inasukumwa mbele na kuvutwa nyuma, koni inafuata, hewa inatikisika. Mwaka 1926 spika hiyo ilianza kuuzwa ndani ya chombo kilichoitwa Radiola 104. Aliyewahi kupasua spika iliyoungua ameviona vitu hivyo vitatu, koni, koili na sumaku, na vimepangwa hadi leo karibu kama walivyovipanga wao.

Tatizo walilokutana nalo ndilo linalomkuta kila mtu anayejaribu spika mezani bila sanduku. Koni ikienda mbele inaisukuma hewa ya mbele, na papo hapo inaifyonza hewa ya nyuma. Hewa iliyosukumwa inazunguka ukingo wa spika na kwenda kujaza pengo la nyuma. Kwa sauti nyembamba hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa mitetemo yake ni ya haraka na hewa haipati nafasi ya kuzunguka. Sauti nzito ni za polepole. Ya mbele na ya nyuma zinafutana kabla hazijamfikia msikilizaji. Ndiyo maana spika ya inchi 12 ikishikwa mkononi inalia kama redio ya mfukoni. Ubao wenye tundu uliwekwa ili kuifungia hewa hiyo njia.

Shida ni ukubwa wa ubao. Sauti inasafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Noti nzito ya mitetemo 40 kwa sekunde, ile inayosikika zaidi kifuani kuliko masikioni, ina wimbi lenye urefu wa mita 8 na nusu. Ubao wa kuizuia isijizunguke ungepaswa kuwa na upana wa mita kadhaa, yaani ukuta mzima wa nyumba. Wako watu waliofanya hivyo kweli: walitoboa ukuta kati ya vyumba viwili, wakafunga spika tunduni, chumba cha pili kikawa sanduku. Kwa mpangaji wa chumba kimoja ushauri huo haufai kitu.

Wajenzi wa redio za miaka ya 1930 waliukunja ubao kwa nyuma na kuacha mgongo wazi. Redio kubwa za mbao ambazo wazee bado wanazikumbuka sebuleni mwa mapadri na wakubwa wa kampuni zilikuwa hivyo: mbele kitambaa, nyuma karatasi ngumu yenye matundu. Zilitoa sauti ya joto, lakini besi ilikuwa ya kuvumavuma, noti zote nzito zikifanana.

Albert Thuras, wa maabara ya Bell, alipata njia bora zaidi. Alilifunga sanduku lote, kisha akaacha mlango mmoja wenye bomba. Hewa iliyo ndani ya bomba inakuwa kama kizibo chenye uzito, na hewa iliyo ndani ya sanduku inakuwa kama springi. Kwa mitetemo fulani viwili hivi vinacheza pamoja, na sauti ya nyuma ya koni, ambayo zamani ilikuja kuharibu ya mbele, inatoka bombani ikiwa imegeuzwa na inaisaidia. Kila mtu aliyepuliza hewa juu ya mdomo wa chupa tupu ameisikia kanuni hiyo: chupa kubwa inatoa noti nzito, chupa ndogo inatoa noti nyembamba. Thuras alipewa hati ya ugunduzi mwaka 1932. Bomba jeusi linaloonekana leo kwenye karibu kila sabufa ya dukani linatokana na wazo lake.

Hata hivyo kwa miaka 20 iliyofuata besi ilibaki mali ya wenye nafasi na pesa. Hakuna aliyejua kuhesabu sawasawa, basi usalama ulikuwa katika ukubwa. Paul Klipsch, mhandisi wa mji mdogo wa Hope, Arkansas, alianza kuuza mwaka 1946 spika yenye baragumu lililokunjwa ndani ya kabati. Werevu wake ulikuwa kulisimamisha kabati hilo katika kona ya chumba, ili kuta mbili na sakafu ziwe sehemu ya baragumu. Kabati hilo halikuwa la mtu wa kawaida, lakini funzo la kona ni la bure hata leo. Sabufa iliyo katikati ya chumba ikisogezwa konani, besi inaongezeka kana kwamba ampli imebadilishwa kwa kubwa zaidi.

Mtu aliyeivunja desturi ya sanduku kubwa hakuwa na kiwanda. Edgar Villchur alikuwa mwalimu na mwandishi wa mambo ya sauti, akiishi Woodstock katika jimbo la New York. Aligundua kwamba kasoro kubwa ya besi ilitoka kwenye ukingo wa koni, ule mpira ao kitambaa kinachoirudisha koni mahali pake. Ukingo mgumu hauvutwi sawasawa: ukisukumwa kidogo unakubali, ukisukumwa sana unakataa, na sauti inachafuka. Hewa iliyofungwa ina tabia nzuri zaidi, inarudisha koni kwa usawa. Villchur akaamua kuulegeza ukingo kabisa, kisha akalifunga sanduku dogo pasipo tundu hata moja, ili hewa ya ndani ifanye kazi ya springi. Kwa spika ya kwanza ya majaribio, mkewe Rosemary, aliyewahi kufanya kazi ya kuchora ramani za kiufundi wakati wa vita, ndiye aliyechora namna ya kukata ukingo ule laini.

Makampuni hayakuvutiwa na wazo hilo. Mwaka 1954 Villchur na Henry Kloss, aliyekuwa mwanafunzi wake, walianzisha kampuni yao Cambridge, Massachusetts, wakatoa spika iliyoitwa AR-1. Ilikuwa na spika ya inchi 12 ndani ya sanduku la kukaa juu ya rafu ya vitabu, na ilishuka chini kuliko makabati makubwa kama friji. Baadaye kampuni nyingine ilipinga haki yake mahakamani, na mahakama ikaona kwamba Harry Olson wa kampuni ya RCA alikuwa ametangulia kuliandika wazo hilo. Villchur hakukata rufaa. Kuanzia hapo mtu yeyote mwenye msumeno angeweza kujenga sanduku la kufungwa bila kumlipa mtu.

Bei yake ipo, na wauzaji hawaitaji. Sanduku dogo linalokwenda chini sana linakula umeme. Katika besi kuna mambo matatu: sanduku dogo, noti ya chini kabisa, na sauti kubwa kwa umeme mdogo. Fundi anaweza kuyapata mawili, la tatu analilipia. Aliye na sanduku kubwa la mbao za bei nafuu na ampli ndogo anaweza kumshinda jirani mwenye kisanduku kizuri cha dukani na ampli kubwa inayomaliza batri saa mbili usiku. Kwa mtu anayetegemea paneli ya jua, hesabu hiyo ni nzito kuliko jina lililoandikwa mbele ya chombo.

Hadi hapo kila sanduku lilijengwa kwa kubahatisha. Fundi alikata, akasikiliza, akabomoa. Aliyeondoa ubahatishaji alikuwa Mwaustralia, Neville Thiele, mhandisi ambaye baadaye alitumikia redio na televisheni ya taifa ya nchi yake. Mwaka 1961 alichapisha huko Australia makala kuhusu masanduku yenye bomba. Alionyesha kwamba spika ndani ya sanduku inafuata hesabu zilezile ambazo mafundi wa redio walikuwa wakizitumia tayari kuchuja mawimbi ya umeme, na akatoa jedwali la mipango 28 ya kuoanisha spika, sanduku na bomba. Makala ilikaa miaka 10 bila kusomwa sana nje ya Australia, hadi ilipochapishwa tena Marekani mwaka 1971. Wakati huo Richard Small, Mmarekani aliyekwenda kusoma Chuo Kikuu cha Sydney, alikuwa anaikamilisha kazi hiyo. Alitoa maandishi yake kuanzia 1972.

Kutokana na watu hao wawili kila spika ya maana ina karatasi yenye namba. Tatu ndizo za lazima. Ya kwanza inasema ni kwa mitetemo mingapi kwa sekunde koni inapenda kucheza yenyewe ikiwa huru, kama ngoma inavyokuwa na noti yake. Ya pili inasema ni lita ngapi za hewa zenye ugumu sawa na ukingo wa spika. Ya tatu inasema koni ikigongwa inachukua muda gani kutulia. Mwenye namba hizo anajua ukubwa wa sanduku kabla ya kununua hata msumari mmoja. Siku hizi programu za bure za simu zinapiga hesabu yote kwa dakika moja. Kazi iliyokuwa siri ya maabara imekuwa hesabu ya mwanafunzi wa sekondari, na katika historia hii yote hilo ndilo lililomsaidia zaidi mtu asiye na pesa.

Wako waliofika bila karatasi. Huko Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1940, Hedley Jones, aliyekuwa amejifunza ufundi wa redio katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa vita, alifungua duka la kutengeneza redio Kingston. Alijenga ampli na masanduku makubwa kwa ajili ya watu waliopiga sahani za muziki uwanjani, kwa kuwa wakaaji wa mitaa ya chini hawakuwa na pesa ya kuingia hotelini kusikiliza bendi. Masanduku ya Jamaika yalikua hadi kufikia ukubwa wa kabati la nguo, na besi ikawa ndiyo kiti cha muziki wenyewe.

Kongo ilikuwa na njia yake. Mawangu Mingiedi, mpiga likembe kutoka eneo la mpaka wa Angola, aliingia Kinshasa na kukuta kwamba sauti ya likembe haisikiki katikati ya kelele za mji. Mwaka 1966 alianzisha kundi ambalo dunia ililijua baadaye kwa jina la Konono N°1. Sumaku zilitolewa kwenye vipuri vya magari, waya wa shaba ukazungushwa kwa mkono, mikrofoni zikachongwa kwa mti, na sauti ikatupwa nje kwa vipaza sauti vya baragumu. Likembe ya besi ilikuwa na nafasi yake kamili katika kundi. Vyombo hivyo vilikoroma, na wao waliupokea mkoromo huo kama sehemu ya muziki. Albamu yao ya Congotronics ilipotolewa Ubelgiji mwaka 2004, wasikilizaji wa Ulaya waliona ni muziki wa kesho, wakati Kinshasa wazee walikuwa wameucheza kwenye matanga kwa miaka mingi. Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Goma ni mji wa mbao kuliko miji mingi. Baada ya lava ya Nyiragongo kuufunika sehemu kubwa ya kati ya mji Januari 2002, familia nyingi zilijenga upya kwa mbao juu ya mawe meusi, na chukudu, baiskeli ile ya mti inayobeba makaa na viazi, inachongwa na mafundi hao hao wa mitaani. Seremala hakosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni vipimo.

Chukua mfano wa sanduku lenye upana wa ndani wa sentimita 40, kimo 40 na kina 30. Zidisha vitatu, gawa kwa 1,000: lita 48. Toa lita 3 hivi zitakazochukuliwa na sumaku, bomba na mbao za kukazia, zinabaki 45. Ukubwa huo unazifaa spika nyingi za inchi 10. Kwa tripleksi ya milimita 18, mbele na nyuma zinakatwa sentimita 43.6 kwa 43.6, juu na chini 43.6 kwa 30, pande mbili 40 kwa 30. Tripleksi nzima ya sentimita 122 kwa 244 inatoa masanduku mawili na vipande vinabaki. Asiye na tripleksi nene aunganishe mbili nyembamba kwa gundi. Ubao wa msituni unafaa pia, mradi umekauka. Ubao mbichi utajikunja baada ya miezi michache na kufungua viungo.

Viungo ndivyo vinavyoharibu masanduku mengi ya mitaani. Misumari peke yake haitoshi. Gundi ya mbao ipakwe kwa ukarimu, skrubu zivute, kisha unga wa msumeno uchanganywe na gundi na kuzibwa kila pembe kwa ndani. Spika ikikaa juu ya tundu, iwekewe ukanda wa mpira wa chubu ya baiskeli ili hewa isipite. Kipimo ni rahisi: piga muziki wenye besi, pitisha kijiti cha ubani ao mshumaa karibu na viungo, moshi ukitikisika, pana tundu. Katika sanduku la kufungwa kabisa, koni ikisukumwa kwa vidole inarudi polepole. Ikiruka mara moja, hewa inatoroka. Godoro kuukuu la sponji likikatwa na kubandikwa ndani linatuliza mwangwi, na gharama yake ni sifuri.

Sasa bomba. Kwa lita 45, bomba la plastiki lenye upana wa ndani wa sentimita 7.5 na urefu wa sentimita 13 linaliweka sanduku kwenye mitetemo 40. Bomba la sentimita 10 linapumua vizuri zaidi na halipigi mluzi, lakini ili lifike kwenye noti ileile linahitaji karibu sentimita 25, na katika kina cha sentimita 30 mdomo wake unakaribia mno ukuta wa nyuma. Ni afadhali kukata bomba refu kidogo kuliko hesabu, kisha kulipunguza. Simu inaweza kutoa noti moja safi kwa programu ya bure. Pitisha noti kutoka mitetemo 60 kushuka hadi 25, sauti ikiwa ndogo, huku ukitazama koni. Mahali koni inapokaribia kusimama huku bomba likipuliza kwa nguvu, ndiyo noti ya sanduku. Ikiwa chini mno, kata sentimita moja, rudia.

Hapa mafundi hawakubaliani, na wenye bomba ndio wengi. Lakini spika nyingi za masoko ya mashariki ni za okazio, zimetolewa kwenye magari, hazina karatasi wala namba. Bomba lina hatari moja: noti ikishuka chini ya ile ya sanduku, hewa haiishikilii koni tena, inaruka hovyo na koili inagonga sumaku. Sanduku la kufungwa linasamehe. Kwa spika isiyojulikana, Villchur ni mwalimu salama kuliko Thuras. Besi itapungua kidogo, spika itadumu.

Jambo jingine ni uongo wa namba za nguvu. Redio ya gari iliyoandikwa wati 200 juu ya kasha haiwezi kuzitoa. Kwa batri ya volti 12 na spika ya omu 4, ampli isiyo na kifaa cha ndani cha kupandisha volti inafikia karibu wati 18 kabla sauti haijapasuka. Hiyo ni kanuni ya umeme, haibadilishwi na rangi za kasha. Anayeongeza sauti kupita hapo anaitumia spika mawimbi yaliyokatwa vichwa, na koili inaungua. Ni afadhali wati 18 halisi ndani ya sanduku lililojengwa vizuri. Batri ya gari yenye ampea-saa 50, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, itaendesha chombo hicho usiku mzima, kwa sababu wastani wa matumizi ya muziki uko chini sana ya kilele chake.

Kwa familia za wahami wa vita mambo haya yana uzito mwingine. Kijana aliyekuwa akikodisha sono kwenye harusi na vikao vya kanisa huko Masisi ao Rutshuru alikuwa na kazi. Bafle la inchi 15 linaweza kupita kilo 30, na anayekimbia na watoto habebi kilo 30 za mbao. Anayepata dakika chache anafungua skrubu, anatoa spika na ampli, anavifunga ndani ya blanketi, sanduku linabaki. Mwanzoni mwa 2025, kambi za kuzunguka Goma zilipovunjwa, familia nyingi zilihama kwa mara ya pili ao ya tatu. Aliyekuwa ameokoa spika bado alikuwa na chombo cha kazi mkononi, ila chombo hicho bila sanduku ni ile redio ya mfukoni.

Ndani ya hema mambo yanabadilika tena. Funzo la Klipsch linahitaji ukuta mzito. Shitingi hairudishi besi, inaipitisha. Mwenye chombo anaona sauti ni hafifu, anaongeza, na jirani wa hema ya nne halali. Wimbi la mita 8 na nusu halizuiwi na shitingi wala na mbao za milimita 20, na magomvi mengi ya usiku kati ya majirani wema yanaanzia hapo. Kusogeza chombo karibu na wasikilizaji kunasaidia kuliko kuongeza sauti.

Tena si kila kazi inataka sabufa. Kikundi kinachokusanyika kusikiliza habari, tangazo la chanjo ao majina ya watoto waliopotezana na wazazi kinahitaji maneno yaeleweke, na maneno yanaeleweka kwa sauti za kati na za juu. Besi ikizidi inayafunika. Spika moja ndogo iliyoinuliwa juu ya vichwa inatosha, na sabufa izimwe hadi muziki urudi.

Aliye na spika nzuri anaweza kuandika kwa kalamu ya wino usiofutika, mgongoni mwa sumaku, mambo manne: lita za sanduku, upana wa tundu la spika, upana wa bomba na urefu wake. Tundu la spika ya inchi 10 kwa kawaida ni karibu sentimita 23, lakini zinatofautiana, basi lipimwe kabla ya kukata. Umbo la sanduku linaweza kubadilika kufuatana na mbao zilizopatikana; lita zikibaki 45 na bomba likibaki lilelile, noti inabaki karibu na 40. Kwa vipimo hivyo seremala wa mji wowote, na gundi ikipewa usiku mmoja wa kukauka, atalirudisha sanduku katika siku mbili.